Kanchipuram: anza na mahekalu mafupi, minara ije baadaye

Jengo refu kuliko yote Kanchipuram ni mnara wa lango la kusini la hekalu la Ekambareswarar. Una karibu mita 59, ulijengwa mwaka 1509 kwa amri ya mfalme Krishnadevaraya wa dola ya Vijayanagara, na kwa kuwa unaonekana kutoka mbali, wageni wengi huuendea moja kwa moja. Ushauri wetu ni kuupa mgongo kwanza. Katika mji huu urefu na umri haviendi pamoja. Mahekalu ya kale kabisa ni mafupi, yako pembezoni au nyuma ya nyumba za watu, na minara mikubwa ilikuja karne kadhaa baadaye. Ukianza na mnara, hekalu la kale utaliona kibanda. Ukianza na la kale, kila utakachokiona baadaye utajua kimetokana na nini.

Mji uko katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, kilomita 75 hivi kusini-magharibi ya Chennai. Kwa Wahindu ni mmoja wa miji saba mitakatifu, pamoja na Ayodhya, Mathura, Haridwar, Varanasi, Ujjain na Dwarka, na ndio pekee kati ya hiyo ulioko kusini kabisa mwa bara hilo. Ulikuwa makao makuu ya wafalme wa Pallava mpaka nasaba yao ilipoanguka mwishoni mwa karne ya 9. Mtawa wa Kichina Xuanzang alipopita hapa karibu na mwaka 640 alikuta monasteri za Kibudha mia moja hivi zenye watawa 10,000. Ubudha umetoweka, Ujaini, dini nyingine ya kale ya India, umebaki kwenye kitongoji kimoja, na mji wenyewe umegawanyika sehemu mbili: Kanchi Kubwa ya mungu Shiva na Kanchi Ndogo ya mungu Vishnu.

Kabla ya historia, saa. Mahekalu yenye ibada hufunguliwa karibu saa 12 asubuhi na kufungwa mchana, kati ya saa 6 na saa 6 na nusu, kwa kuwa mungu amekwisha kula na anapumzika. Milango hufunguliwa tena saa 10 alasiri mpaka saa 2 usiku au zaidi kidogo. Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Mtu anatoka Chennai saa 3 asubuhi baada ya chai, msongamano wa magari unamkwamisha, anafika saa 5 na nusu, anapitia hekalu moja mbiombio, halafu mchana kutwa anashinda kwenye duka la sari. Ondoka Chennai saa 11 alfajiri. Hekalu la Kailasanatha liwe la kwanza, mara unapofika. Lifuate la Vaikuntha Perumal, kisha la Kamakshi kabla ya adhuhuri. Mchana ni wa kula na kujinyoosha. Saa 10 uwe Ekambareswarar, na jua likizama uwe Varadharaja Perumal. Kwa usafiri wa mjini bajaji zinatosha, ila patana bei ya mzunguko wote wa asubuhi badala ya kipande kwa kipande, na umtajie dereva hekalu kwa jina. Ukimwambia tu "mahekalu," kituo cha kwanza huenda kikawa duka la hariri linalomlipa kamisheni.

Viatu huachwa nje kila mahali, na ua za mahekalu zimesakafiwa kwa itale. Kuanzia saa 5 mchana jiwe hilo linaunguza nyayo kwelikweli, hasa miezi ya Aprili mpaka Juni. Soksi zinaruhusiwa, na watu wa huko huzivaa bila aibu. Baadhi ya mahekalu hutandika mikeka au kupaka mistari myeupe sakafuni. Fuata hiyo, rangi nyeupe haishiki joto kama jiwe tupu.

Kailasanatha iko kilomita 2 hivi magharibi ya stendi ya mabasi, mahali ambapo nyumba zinaanza kupungua. Ilijengwa na Narasimhavarman II, ajulikanaye zaidi kwa jina la Rajasimha, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 8, yule yule aliyejenga hekalu la ufukweni huko Mamallapuram. Karne moja kabla yake, mtangulizi wake Mahendravarman I alikwisha kujisifu kwenye maandishi ya pango la Mandagapattu kwamba amejenga bila matofali, bila mbao, bila chuma na bila chokaa. Sifa hiyo inaeleza kwa nini huoni Kanchipuram hekalu lililosimama la karne ya 5: yalijengwa kwa matofali na mbao, na mvua na mchwa wakafanya kazi yao. Pango lilikuwa hatua ya kwanza ya kutoka huko. Rajasimha alipiga ya pili, akapanga jiwe juu ya jiwe.

Angalia chini kwanza. Msingi ni itale, jiwe gumu linalobeba uzito na lisilonyonya unyevu wa ardhi kirahisi. Juu yake kuta zote ni jiwe la mchanga, ambalo patasi hulikata kwa urahisi, na ndiyo maana hakuna sehemu ya ukuta iliyoachwa bila sanamu. Lakini jiwe linalokatika kirahisi huliwa kirahisi pia. Upepo na mvua vilizila nyuso za simba, na kwa nyakati tofauti watu wakazitengeneza kwa lipu ya chokaa. Kwa hiyo si kila unachokiona ni cha karne ya 8. Sanamu yenye punje za mchanga zinazoonekana, kingo kali na mwili mwembamba ni ya asili. Yenye uso wa mviringo, laini, wakati mwingine na mabaki ya rangi, hiyo ni lipu ya baadaye, na fundi wake hakuwa na mkono wa yule wa kwanza. Lipu ikibanduka utaona umbo la zamani chini yake, jembamba zaidi na zuri zaidi.

Zunguka ua kwa mwendo wa saa, yaani chumba kitakatifu kikiwa upande wako wa kulia. Ukuta wa ua umezungushwa vijumba 58, kila kimoja kikiwa hekalu dogo lenye sanamu yake. Usivipite haraka. Ndani ya baadhi yake kuna mabaki ya picha za rangi zilizopakwa juu ya lipu, ambazo mtafiti Mfaransa Jouveau-Dubreuil alizitambua mwaka 1931: kipande cha uso, mkono, taji. Mara nyingi zilizosalia ziko juu pembeni, pasipofikiwa na mikono ya watu. Kwenye kuta hizo hizo kumechongwa majina ya sifa ya Rajasimha, zaidi ya mia mbili, kwa aina kadhaa za hati. Ni mfalme aliyependa kusomwa.

Picha itakayokurudia mara kwa mara ni Shiva na mkewe Uma wameketi, mtoto wao Skanda katikati yao. Huitwa Somaskanda, na ni kama mhuri wa enzi ya Pallava: ukiiona nyuma ya lingamu, ile nguzo fupi inayomwakilisha Shiva, ukutani mwa chumba cha ndani, una sababu nzuri ya kusema hekalu ni lao. Lingamu ya Kailasanatha yenyewe ni ya jiwe jeusi lenye pande 16. Kuizunguka kuna kijia ndani ya unene wa ukuta. Anayekipita huingia kwa kutambaa kwenye tundu la chini, hutembea gizani, na hutoka kwa kujipenyeza kwenye tundu jingine. Wenyewe husema ni kufa na kuzaliwa upya. Mwenye magoti mabovu au mwili mpana aache. Wa kukutoa ukikwama ni kuhani mmoja tu, na ana kazi nyingine.

Kabla ya kutoka, tafuta nguzo yenye maandishi ya Kikannada cha kale katika ukumbi ulio mbele ya chumba kitakatifu. Mwaka 642 Wapallava waliuteka Vatapi, mji mkuu wa mahasimu wao Wachalukya. Baada ya miaka mia hivi, Mchalukya Vikramaditya II akaja kulipa kisasi, akaiteka Kanchi. Kila mtu alitarajia apore. Badala yake alirudisha dhahabu ya hekalu hili na kuacha taarifa hiyo imechongwa kwenye nguzo ya adui, kwa lugha yake mwenyewe. Kisha malkia wake Lokamahadevi akajenga hekalu la Virupaksha huko Pattadakal kuadhimisha ushindi huo, na ukiliangalia unaiona Kailasanatha ndani yake. Katika historia ya ujenzi wa India hatujui mfano mzuri zaidi wa mshindi kuteka mawazo ya aliyemshinda.

Vaikuntha Perumal iko karibu na kituo cha reli na hupata wageni wachache, jambo ambalo ni hasara yao. Aliijenga Nandivarman II katika karne ya 8, kwa ajili ya Vishnu. Ina vyumba vitakatifu vitatu, kimoja juu ya kingine: chini Vishnu ameketi, ghorofa ya kati amelala, ya juu amesimama. Ngazi za juu hufungwa siku nyingi, kwa hiyo usipange safari yako kwa kuzitegemea. Cha kutazama kiko chini, katika varanda inayozunguka ukuta wa ndani. Nguzo zake zinabebwa na simba walioketi, na nyuma yao ukuta umechongwa safu mbili za picha zinazosimulia nasaba ya Pallava tangu mababu wa kimungu mpaka mjenzi mwenyewe, na maandishi mafupi yakieleza baadhi yake. Mfalme Parameshvaravarman II alikufa bila mrithi. Wajumbe wakaenda kwa tawi la mbali la ukoo, kwa Hiranyavarman, kuuliza ni nani kati ya wanawe wanne yuko tayari kutawala. Wakubwa watatu wakakataa. Wa mwisho, kijana wa miaka 12, akakubali. Ndiye Nandivarman, na alitawala zaidi ya miaka 60. Hekalu lote, kwa jicho letu, ni hoja ya mtu ambaye haki yake ya kiti ilitiliwa shaka: ameiweka historia ukutani ili asiulizwe tena.

Ukishaona mahekalu haya mawili, una kipimo cha kusoma mji mzima, nacho ni nguzo. Simba akiwa chini ya nguzo, ameketi au amesimama kwa miguu ya nyuma, na kichwa cha juu cha nguzo kikiwa kimekunjwa mawimbi ya mviringo, uko kwa Wapallava. Kichwa kikikatwa mshazari na kuwa na ulimi mfupi katikati, kuta zikiwa tupu lakini zimejaa maandishi ya Kitamil, ni Wachola, waliotawala baada yao na walioacha jiwe la mchanga wakashika itale. Kichwa kikining'iniza chipukizi la yungiyungi linaloelekea chini, na mwili wa nguzo ukiwa farasi anayeinuka na mpandaji wake, umefika Vijayanagara, karne ya 15 na 16. Mahekalu makubwa ya Kanchipuram yana aina zote tatu chini ya paa moja, kwa sababu mara nyingi mfalme hakubomoa cha mwenzake chote. Kila mmoja alizungushia ukuta mwingine nje. Ndiyo sababu malango ya nje ndiyo marefu na machanga, na chumba kitakatifu ndicho kifupi na kizee.

Kamakshi Amman ni moyo wa mji kwa upande wa ibada, ingawa kwa uchongaji haishindani na wenzake. Mungu wa kike Kamakshi ameketi kwa kukunja miguu, mikononi ana upinde wa muwa, mishale ya maua, kitanzi na fimbo ya kuongozea tembo. Mahekalu ya Shiva mjini hayana chumba cha mke wa Shiva, tofauti na desturi ya Tamil Nadu kote: Kamakshi anahesabiwa kuwa mke wa Shiva katika yote. Sanamu yake ya dhahabu ilihamishwa katika karne ya 18 kukwepa vita, na haikurudi. Iko Thanjavur hadi leo, ambako familia ya mwanamuziki Syama Sastri ndiyo iliyoihudumia. Ijumaa foleni ya hapa ni ndefu mno. Siku nyingine yoyote utaingia kwa nusu saa.

Sasa Ekambareswarar, na mnara wake. Simama chini yake uangalie mahali rangi ya ujenzi inapobadilika. Sehemu ya chini ni itale, na ngazi zote za juu ni matofali yaliyopigwa lipu na kubandikwa sanamu za chokaa. Mnara mzima wa jiwe usingefika urefu huo bila msingi wa kutisha. Matofali ni mepesi, ila yana adui. Ndege huacha mbegu za mti wa pipal kwenye nyufa, mizizi inafuata maungio, na baada ya miaka michache tofali zinasukumana. Ndiyo maana mahekalu haya hufanyiwa ukarabati mkubwa na kutakaswa upya kila baada ya miaka 12 hivi, kwa sherehe ya kumbhabhishekamu, ambapo maji matakatifu humwagwa juu ya vibuyu vya shaba vilivyo kileleni. Kabla ya hapo mnara hufunikwa jukwaa la mafundi na ibada huhamishiwa mahali pa muda, hata kwa mwaka au zaidi. Uliza kabla ya kusafiri kama hekalu unalolitaka liko katika hali hiyo.

Ukarabati huo ndio huokoa na ndio huharibu. Chokaa ya asili ya Tamil Nadu huchanganywa na mchanga, ikatiwa maji yaliyolowekwa sukari guru na matunda ya kadukkai, na huachwa ichachuke kwa siku nyingi kabla ya kutumika. Inakauka polepole, inapumua, na inakubali kupanuka na joto. Fundi mwenye haraka huweka saruji. Saruji hufungia unyevu ndani ya tofali, chumvi inajikusanya nyuma yake, na lipu inatoka kwa mabamba makubwa pamoja na uso wa jiwe. Kosa jingine lilikuwa kusafisha itale kwa kupuliza mchanga kwa mashine: rangi na masizi vinatoka, na maandishi ya Wachola yanatoka navyo. Ukiona ukuta wa jiwe wenye weupe wa ajabu na herufi zilizofifia, ndicho kilichotokea.

Ndani ya Ekambareswarar kuna lingamu ya udongo, moja ya tano za kusini zinazowakilisha asili tano: ardhi hapa, maji Thiruvanaikaval, moto Tiruvannamalai, hewa Srikalahasti, na anga Chidambaram. Masimulizi yanasema Parvati, jina jingine la Uma, aliifinyanga kwa mchanga chini ya mwembe, mto Vegavati ukafurika, naye akaikumbatia isisombwe. Kwa kuwa ni mchanga, haiogeshwi maji kama lingamu za mawe. Maji humwagwa kwenye kitako chake tu. Nyuma ya chumba kitakatifu ndipo penye mwembe. Ule wa kale, unaosemwa kuwa na miaka 3,500 na matawi manne yanayotoa maembe ya ladha nne, umebaki shina lililohifadhiwa; unaostawi sasa ni mti mdogo uliochukua nafasi yake. Korido inayouzunguka ina safu za lingamu zilizopangwa ukutani mpaka jicho linachoka. Na usipitwe na chumba kidogo cha Vishnu kilichomo humo humo ndani ya hekalu la Shiva, Nilathingal Thundam. Ni mojawapo ya mahali 108 patakatifu pa Wavaishnava, yaani waabudu wa Vishnu, na hujaji wao hana budi kupita kwa Shiva ili akifikie. Wanaodhani pande hizi mbili hazisemezani waanzie hapo.

Varadharaja Perumal iko Kanchi Ndogo, kilomita 3 au 4 kusini-mashariki. Vishnu amesimama juu ya kilima kidogo kiitwacho kilima cha tembo, na hupandwa kwa ngazi 24 ambazo hulinganishwa na silabi 24 za Gayatri, sala ya kale ya Wahindu. Ramanuja, mwanafalsafa mkubwa wa Wavaishnava, alihudumu hapa kabla ya kwenda Srirangam. Inasimuliwa kazi yake ilikuwa kuleta maji ya kisima kila siku. Wafuasi wake baadaye waligawanyika makundi mawili, la kaskazini na la kusini, na ugomvi wao juu ya nani aanze kughani sala katika hekalu hili umefika mahakamani mara nyingi tangu enzi za Waingereza. Utawatambua kwa alama ya kipaji cha uso: ya kaskazini ina umbo la herufi U, ya kusini ina kimkia kinachoshuka puani. Usimuulize mtu ni ipi iliyo sahihi.

Upande wa kaskazini wa ua, kando ya bwawa, kuna ukumbi unaoitwa wa nguzo mia. Zihesabu: ni 96, safu 8 za nguzo 12. Farasi wameinuka kwenye nguzo za pembeni, na hao farasi si pambo tu. Vijayanagara iliishi kwa farasi walioletwa kwa meli kutoka Uarabuni na Hormuz, na aliyeshika biashara hiyo alishika vita. Kwenye pembe za paa hilo kunaning'inia minyororo ya jiwe. Kila mnyororo ulichongwa na pembe yake kutoka jiwe moja, pete ndani ya pete, bila kiungo. Kadhaa zimevunjika, na sasa ukumbi umezungushiwa uzio kwa sababu wageni walikuwa wakizivuta kuhakikisha. Juu karibu na chumba kitakatifu, darini, kuna mijusi wawili, mmoja wa dhahabu na mmoja wa fedha, ambao mahujaji hupanga foleni kuwagusa ili kuondolewa mikosi. Tiketi yake ni ndogo. Gusa, songa, anayesimama kupiga picha hupigiwa kelele na watu mia.

Katika bwawa hilo, Ananta Saras, amezamishwa Athi Varadar, sanamu ya Vishnu ya mbao ya mti wa jamii ya mkuyu, ambaye hutolewa mara moja kila miaka 40. Alitolewa 1939, 1979, na 2019 kuanzia Julai 1 mpaka Agosti 17, siku 48, kwanza akiwa amelazwa na kuanzia Agosti 1 akiwa amesimamishwa. Mamilioni ya watu walikuja katika mji usio na barabara za kuwabeba, na wapo waliokufa katika msongamano. Zamu ijayo ni 2059. Anayekuambia kuna njia ya kumwona kabla ya hapo anataka pesa.

Adabu za ndani hazina ugumu. Wanaume suruali ndefu au dhoti, nguo ya kufunga kiunoni, wanawake mavazi yanayofunika mabega na magoti. Kaptula hurudishwa mlangoni. Simu na kamera huzuiwa karibu na vyumba vitakatifu. Katika Ekambareswarar, Kamakshi na Varadharaja asiye Mhindu huruhusiwa ua na kumbi za nje, na kibao huonyesha mwisho wake. Katika Kailasanatha na Vaikuntha Perumal, zinazosimamiwa na idara ya mambo ya kale ya India, karibu uchongaji wote uko nje ya chumba kitakatifu, kwa hiyo hakuna anachokosa. Hii ni sababu nyingine ya kuanza nazo. Anayetaka kusomewa sala hununua kikapu nje ya lango: nazi, ndizi, tambuu, popoo, maua na kafuri. Kuhani atauliza jina, nyota ya kuzaliwa na ukoo. Asiyejua nyota yake ataje jina tu. Kwa Shiva utapewa jivu, kwa Kamakshi unga mwekundu, kwa Vishnu maji yenye majani ya tulasi na kisha kofia ya chuma itaguswa kichwani mwako. Pokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake. Jivu lililobaki usilipukute sakafuni wala usilipake nguzo, ingawa utaona mamia waliofanya hivyo: mafuta na unga wa mikono ya watu ndivyo vinavyozifanya sanamu za chini ziwe nyeusi. Mtu asiyevaa kitambulisho anayejitolea kukuvusha foleni atataka malipo mwishoni, na foleni atakayokuvusha ina dirisha rasmi la tiketi mita chache kutoka hapo.

Chakula cha mchana, tafuta idli ya Kanchipuram. Haifanani na zile ndogo nyeupe za kila mahali. Ni unga wa mchele na dengu za urad uliochachushwa, ukatiwa samli, pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi kavu, ukapikwa kwa mvuke katika kikapu kirefu kilichotandikwa majani, kisha ukakatwa vipande. Asili yake ni sadaka ya chakula ya Varadharaja. Ile ya hotelini mara nyingi hutiwa viungo tu ikapikwa kwenye vyombo vya kawaida. Ikija imekatwa kutoka kwenye mche mrefu, umepata yenyewe.

Miezi mizuri ni Desemba mwishoni mpaka Februari. Oktoba na Novemba huwa na mvua kubwa, Mei joto hukaribia nyuzi 40. Machi na Aprili kuna sherehe ya Panguni Uthiram huko Ekambareswarar, ndoa ya Shiva na Parvati, na Mei au Juni Varadharaja hutolewa alfajiri juu ya ndege Garuda. Siku hizo ni za kuona watu na magari ya miungu, si za kuona uchongaji, na vyumba vya kulala hujaa mapema.

Ukibaki siku ya pili, vuka mto Vegavati uende hekalu la Wajaini la Trilokyanatha. Ukumbi wake uliongezwa mwaka 1387 na Irugappa, waziri wa Vijayanagara aliyekuwa Mjaini, na dari imepakwa picha za maisha ya walimu wao, safu juu ya safu, rangi nyekundu na ya manjano bado zikiwa hai. Mmweko wa kamera hauruhusiwi, kwa hiyo beba darubini ndogo kama unayo, maana maelezo mengi yako juu mno kwa macho. Hufungwa mchana kama mengine. Madereva wengi wa bajaji hawalijui kwa jina la Trilokyanatha. Mwambie Thiruparuthikundram, na mwambie akusubiri, kwa sababu bajaji za kupita huko ni chache.